Mheshimiwa, Hiyo Ndoa Unayoipinga Nani Ameiomba?

Wacha nianze na Jumapili moja ya Machi 2023, kanisani kwetu hapa Voi. Jina la kanisa sitataja. Mama yangu bado anakaa safu ya tatu pale, na nyinyi wa Mwakingali na Sofia mtajua tu bila kuambiwa.

Mheshimiwa alifika saa nne na nusu, mahubiri yakiwa katikati, na magari matatu nyuma yake. Pasta akanyamaza mpaka mgeni akae. Hiyo peke yake ingetuambia kitu, kwa sababu mimi nikichelewa pasta hanyamazi, ananitolea mfano. Baada ya sadaka mgeni akaitwa mbele "asalimie kanisa". Kama umekulia Kenya unajua kusalimia kanisa ni nini. Ni mkutano wa siasa ambao viti vimeshapangwa, spika zipo, watu wameshaoga, na hakuna mtu atakurushia chupa.

Akatoa laki moja ya paa la ukumbi mpya. Vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma na simu nikirekodi, nikingoja aongee maji. Hiyo ndiyo ilikuwa stori ya mtaa wiki hiyo: mifereji imekauka, watu wanangoja mkokoteni ulete mitungi, na bomba la Mzima linapita hapa hapa kaunti yetu likipeleka maji Mombasa, kama lilivyofanya tangu miaka ya hamsini. Kama si maji, basi ndovu, maana ukame ulikuwa umewasukuma mpaka kwenye mashamba ya watu. Kama si ndovu, basi bei ya unga. Kulikuwa na vitu vya kuongea, wasee.

Akaongea ndoa ya jinsia moja. Dakika kumi na mbili. Ninajua kwa sababu video ninayo. Alisema akiwa hai hakuna mwanaume ataoa mwanaume Taita Taveta. Alisema wazungu wasijaribu. Alisema yeye ni mtoto wa mchungaji, jambo ambalo mama alikuja kuniambia nyumbani si kweli, baba yake alikuwa karani wa shamba la mkonge. Kanisa likasimama, mabibi wakapunga leso, pasta akamshika mkono wakauinua pamoja kama bondia aliyeshinda.

Maji hayakutajwa. Hata mara moja.

Nimebeba swali tangu siku hiyo, na kwa sababu sasa wameanza tena kuzunguka na bahasha kabla ya Agosti 2027, naliuliza hadharani. Hiyo ndoa mnayoipinga, nani ameiomba?

Ninauliza kwa maana ya kawaida kabisa. Kuna chama cha siasa Kenya kimeiweka kwenye manifesto? Hakuna. Kuna mbunge amepeleka mswada? Hakuna. Kuna kesi mahakamani ya watu wawili Wakenya wakidai cheti cha ndoa? Kesi kubwa mbili ambazo zimetikisa mimbari za nchi hii hazikuwa za ndoa. Ile ya Mei 2019 ilikuwa ya kuomba vifungu vya Kanuni ya Adhabu viondolewe, vile vinavyoweza kumfunga mtu miaka 14 kwa mapenzi ya hiari kati ya watu wazima. Majaji watatu wa Mahakama Kuu wakakataa, na mojawapo ya sababu walizotoa ni kwamba kukubali kungefungua mlango wa watu wa jinsia moja kuishi kama mume na mke. Ona hapo. Walioleta kesi hawakuomba ndoa, lakini ndoa ndiyo iliyotumika kuwanyima walichoomba.

Ya pili ndiyo iliyoleta ile Jumapili yangu. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikosea kumkatalia wakili Eric Gitari kusajili shirika la kutetea haki za watu hawa. Kesi yenyewe ilikuwa imezunguka mahakamani karibu miaka kumi. Ilikuwa kuhusu usajili. Jina kwenye daftari la serikali. Hakuna harusi pale, hakuna pete, hakuna keki. Lakini mpaka wiki iliyofuata nchi nzima ilikuwa inaambiwa ndoa za jinsia moja zimehalalishwa. Rais akasema mila zetu, Ukristo na Uislamu havikubali. Maaskofu wakatoa taarifa, viongozi wa Kiislamu wakatoa yao. Mbunge wa Homa Bay Mjini, George Kaluma, akarudi mahakamani kuomba uamuzi ubadilishwe, na Septemba mahakama ikamwambia hapana. Akawa pia na mswada wake wa kulinda familia. Mombasa watu wakaandamana baada ya swala ya Ijumaa. Na huku kwetu kila mwenye ndoto ya kiti akatafuta kanisa.

Sasa kitu ambacho hawakutuambia. Ndoa hiyo wanayoizuia imeshazuiwa. Fungueni Katiba, ibara ya 45, sehemu ya pili: kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari yao wawili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inarudia hilo hilo, kwamba ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Kuondoa maneno hayo Katibani si kazi ya shirika kusajiliwa Nairobi. Kwa hiyo mheshimiwa anaposimama na kuapa atalinda mlango, mlango una kufuli, ufunguo hauko kwa yeyote kati yetu, na yeye anajua. Anatulipisha kwa ulinzi wa nyumba ambayo hakuna mwizi ameikaribia.

Na kuna utamu mwingine hapo. Katiba hiyo yenye hiyo ibara, mnakumbuka nani aliipinga? Mimi nilikuwa mdogo sana lakini nyumbani tulikuwa na fulana nyekundu ya "La". Makanisa mengi makubwa yalifanya kampeni dhidi yake mwaka 2010, pamoja na William Ruto aliyekuwa waziri wa elimu ya juu wakati huo, kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na mahakama za Kadhi. Tarehe 4 Agosti ikapita kwa karibu asilimia 67. Leo kiongozi anasimama madhabahuni na kunukuu ulinzi wa ndoa ulio ndani ya kitabu ambacho madhabahu hiyo hiyo ilitwambia tukitupe. Sijasikia mtu akisema "tulikosea" hata kwa sauti ya chini.

Na kuhusu kulinda familia ya Kibiblia, turudi hiyo 2014. Bunge lilipokuwa linapitisha Sheria ya Ndoa, wabunge wanaume waliondoa sharti la mke wa kwanza kushauriwa kabla mume hajaongeza mwingine kwa ndoa ya kimila. Wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Baraza la makanisa, NCCK, likamsihi Rais Uhuru Kenyatta asitie saini. Akatia. Je, kuna mheshimiwa yeyote alifukuzwa mimbarini kwa hilo? Jumapili iliyofuata walikuwa viti vya mbele kama kawaida. Hapo ndipo nilianza kuelewa kwamba suala halikuwa familia. Ungekuwa familia, huo mswada ungeuma zaidi, kwa sababu uliingia nyumbani kwa watu kweli, kwa mama zetu.

Lakini wacha nitoke Nairobi, kwa sababu kuna hadithi ya hapa karibu ambayo vijana wengi wa rika langu hawaijui, na mimi mwenyewe nimeijua juzi nikitafuta habari za kitu kingine. Mtwapa, Februari 2010. Ukitoka Voi ni Mombasa, unavuka Nyali, unapita Shanzu, unavuka daraja, umefika.

Uvumi ulianza kwamba wanaume wawili wanaoana Mtwapa Ijumaa ya tarehe 12. Hakuna aliyekuwa na kadi ya mwaliko. Hakuna aliyejua ukumbi. Lakini habari ikaingia msikitini, ikaingia kanisani, na tarehe 11 viongozi wa eneo hilo wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wakakaa meza moja na wa baraza la makanisa. Wakaita waandishi wa habari. Wakalaani, na wakainyooshea kidole zahanati ya KEMRI iliyokuwa inatoa huduma na ushauri wa virusi vya ukimwi, ikiwemo kwa wanaume wanaolala na wanaume. Kesho yake umati ukaizunguka zahanati. Watu wakapigwa. Polisi wakawachukua baadhi ya waliotuhumiwa, zaidi ili wasiuawe, na baadaye wakawaachilia bila mashtaka. Siku zilizofuata wengine wakasakwa majumbani.

Harusi? Haikuwepo.

Nisome tena hiyo mwisho: haikuwepo. Kilichokuwepo ni zahanati, na ikafungwa kwa muda. Fikiria mama wa Mtwapa ambaye hana habari na haya yote anayekuja kuchukua dawa zake na kukuta geti limefungwa kwa sababu ya harusi ya uvumi.

Na kinachonishika zaidi ni kalenda. Februari 2010 pasta na sheikh wako meza moja, bega kwa bega, dhidi ya harusi ambayo haipo. Miezi michache baadaye, kampeni ya kura ya maoni, wengi wao wako pande mbili tofauti wakirushiana maneno kuhusu mahakama za Kadhi, ambazo zipo kweli na zinagusa ndoa na urithi wa majirani zetu Waislamu. Kwenye jambo la kweli hawakuweza kukaa pamoja. Kwenye uvumi waliweza. Wanasiasa wakaona. Unadhani hawakuona? Hii ni mada pekee Pwani ambayo unaweza kuichukua Ijumaa msikitini na Jumapili kanisani bila kubadilisha hata sentensi moja.

Hiyo ndiyo thamani yake kwao. Angalia hesabu ya mwanasiasa. Akiahidi maji, tutahesabu mifereji. Akiahidi fidia ya ndovu, kuna mtu Maktau ana karatasi za fidia ambazo amezibeba miaka mingi; sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya aliyeuawa ilipwe milioni 5, na huyo mtu atamuuliza ziko wapi. Akigusa ardhi, sisi ambao Tsavo imechukua takriban asilimia 62 ya kaunti yetu, na mkonge na ranchi zikachukua sehemu nzuri ya iliyobaki, tutamuuliza yeye ana ekari ngapi. Kila ahadi ya kweli ina mtu nyuma yake anayeweza kuinua mkono. Lakini akiahidi kwamba hakutakuwa na harusi za wanaume Voi, miaka mitano ikiisha ametimiza asilimia mia. Hajatumia shilingi. Hata hakuhitaji kuamka mapema.

(Kule Sagalla wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki ili ndovu waogope. Nyuki wamefanya kazi kubwa kuliko waheshimiwa kadhaa ninaowajua, na hawajawahi kuomba kusalimia kanisa.)

Ukitaka kujua mada hii haishi, tazama jirani zetu. Uganda waliandika marufuku ya ndoa ya jinsia moja ndani ya Katiba yao mwaka 2005. Ungedhani basi, imekwisha. Mwaka 2009 mbunge David Bahati akaleta mswada, miezi michache baada ya wahubiri kutoka Marekani kufanya semina Kampala kuhusu jambo hilo hilo. Museveni akatia saini 2014, mahakama ikaifuta mwaka huo huo kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia, wakatunga nyingine 2023, kali zaidi, yenye hata adhabu ya kifo ndani yake. Viongozi wa dini wakashangilia. Kiporo kile kile, kinapashwa moto, kinapakuliwa tena. Na wanatuambia ushoga ndio umetoka ng'ambo. Buda, hata sheria inayotumika kuwafunga watu hapa Kenya aliileta Mwingereza.

Na hizo "mila zetu Waafrika" wanazotaja bila kueleza, ni mila za nani? Majirani zetu Wakamba walikuwa na njia ya mwanamke asiye na mtoto kumwolea nyumba yake mwanamke mwingine ili jina na mali visipotee. Wanandi pia. Mwaka 2011 Mahakama Kuu, tena ya hapa Mombasa, ilikubali ndoa ya namna hiyo ya Kinandi ilipoamua kesi ya urithi. Si mapenzi, msinielewe vibaya, ilikuwa mambo ya ukoo na ng'ombe na ardhi. Ninachosema ni kwamba wazee wetu walikuwa na akili pana kuliko mheshimiwa anavyowatangaza. Walipokuwa na shida ya kweli, walitafuta jibu.

Sasa nije kwa kanisa, ambapo ndipo hii inaniuma.

Sipingi kanisa kufundisha. Mimi nimebatizwa, nimeimba, nimebeba viti vya harusi ishirini. Kanisa likisema ndoa ni ya mume na mke, hilo ni fundisho lake, lina haki nalo, na anayeingia mlangoni anajua anaingia wapi. Pasta akihubiri hilo kwa saa nzima, akilia, akitoka jasho, sina neno. Hata msikitini vivyo hivyo. Ninachopinga ni ile dakika maiki inatoka mkononi mwa pasta na kuingia mkononi mwa mtu anayetafuta kura. Hapo fundisho limekuwa bidhaa. Na bei inajulikana, ilitangazwa kwa sauti mbele yetu sote: laki moja ya paa.

Laki moja, kwa njia, ilikuwa karibu ile ile pesa iliyonitoa chuo mwaka wa pili. Mama aliniombea sana kanisani. Siwalaumu, kanisa si benki. Lakini siku ile nilipiga hesabu kichwani nikiwa na simu mkononi, na sijaweza kuisahau.

Kuna viongozi wa dini waliolijua hili kabla yetu. Septemba 2021 kule Butere, Askofu Mkuu wa Anglikana Jackson ole Sapit alikataa wanasiasa wapewe nafasi ya kuhutubu kanisani, na wakubwa wenyewe walikuwa wamekaa pale wakingoja zamu. Huyo huyo ana msimamo mkali dhidi ya ushoga, hajauficha. Kwa hiyo msiniambie kwamba ukizuia siasa mimbarini umekubali kila kitu. Mtu anaweza kushika imani yake bila kuipangisha. Novemba 2024 Wakatoliki wa Nairobi wakarudisha mchango wa Rais Ruto wa zaidi ya milioni 2, aliotoa Soweto, siku chache baada ya maaskofu kuilaumu serikali yake kwa uongo. Kanisa halikubomoka. Watu walienda misa wiki iliyofuata kama kawaida.

Lakini ilichukua nini kufika hapo? Ilichukua Juni 2024. Ilichukua vijana wa umri wetu kufa barabarani ndio makanisa kadhaa yaanze kuona aibu ya bahasha. Na huko nyuma, Machi na Aprili 2023, wakati mimbari zote zinawaka moto juu ya ndoa za jinsia moja, kaunti tunayopakana nayo watu walikuwa wanakufa njaa msituni Shakahola wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Watoto wakiwemo. Sisemi kanisa letu lilihusika, hapana. Ninasema macho ya wachungaji wetu na waheshimiwa wetu yalikuwa yanalinda mlango wenye kufuli, na dirisha lilikuwa wazi.

Hapa ningeweza kumaliza nionekane shujaa. Lakini kuna sehemu yangu.

Ile video ya dakika kumi na mbili, niliikata. Nilitoa kipande cha sekunde arobaini, nikaongeza muziki, halafu nikajirekodi mwenyewe nikiigiza "shoga akija kuomba harusi kwa pasta wa Voi". Nilivaa leso ya mama. Nilitembea kwa namna fulani, nikabana sauti kwa namna fulani. Ilitazamwa mara elfu sitini na kitu. Mpaka leo hakuna kitu nimewahi kuweka kikafika hapo, na nimeweka vitu nilivyovifanyia kazi wiki mbili. Duka moja la simu likanipigia siku mbili baadaye likitaka nilitangaze. Hiyo ndiyo ilikuwa pesa yangu ya kwanza ya kazi hii.

Kwaya yetu ilikuwa na kijana aliyepiga kinanda. Sitasema zaidi, ametosha kusemwa. Sijui yeye ni nani kwa mambo hayo. Sikuwahi kumuuliza na haikuwa kazi yangu. Ninachojua ni kwamba mwendo ule niliouigiza ulikuwa wake. Nilijua nikiwa naigiza. Kila mtu aliyeitazama kutoka Kaloleni mpaka Birikani alijua, na wengine waliandika jina lake chini kabisa ya video na kuweka vicheko. Jumapili ile ya mheshimiwa alikuwa amekaa kwenye kinanda, hatua nne kutoka kwa maiki, na alipiga wimbo wa kumsindikiza mgeni akirudi kitini, kwa sababu ndiyo kazi yake. Jumapili mbili baada ya video yangu alikuja. Ya tatu hakuja. Mama yake alisema amepata kazi Nairobi, akasema haraka haraka hivi, akifunga pochi.

Siku hizi kwaya inaimbia muziki wa kuchezwa kwenye flashi. Unaanza mapema kuliko waimbaji, kila mara.

Kwa hiyo mimi na mheshimiwa tulifanya biashara moja. Yeye alipata shangwe, mimi nikapata watazamaji, na bidhaa ilikuwa mtu mmoja aliyekaa pale pale akitusikia. Video niliifuta mwaka jana. Kuifuta hakukunigharimu chochote, ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Nilimtumia kijana ujumbe mrefu wa kuomba msamaha. Tiki mbili za buluu. Hajajibu, na sidhani ananidai jibu.

Nawajua. Mtauliza, "Umelipwa na wazungu kiasi gani?" Manze, niko kwa bando la shilingi hamsini na simu yenye kioo kilichopasuka. Mngekuwa mnajua mtu wa kunilipa, nipeni namba. Wengine mtauliza, "Kwani wewe pia ni wao?" Na mimi nauliza, hilo swali lingemsaidiaje mama yangu kupata maji? Mheshimiwa anapenda sana mniulize hilo. Mkiniuliza mimi hilo, yeye hamumuulizi kitu.

Wengine mtasema, kwa heshima, na hawa ndio ninaowajibu kwa uzito: "Kijana, kama hawaombi ndoa leo, wataomba kesho. Kanisa linazuia mapema." Sawa. Tuseme ni kweli. Siku watakapoomba itabidi kubadilisha Katiba, mchana, kila mtu akiona, na kanisa litakuwa na nafasi yake ya kusema kama 2010. Halihitaji mheshimiwa kulisemea. Hakuna mahali nimesoma kwamba Injili ilikwama ikamngoja mwakilishi wadi.

Sasa kilichonifanya niandike leo badala ya kesho. Kanisa letu lina harambee mwezi ujao, awamu ya pili ya lile paa, maana laki moja ilifika nusu ya mbao. Mheshimiwa amealikwa. Si yule wa 2023. Huyu ni mpya, anataka kiti cha huyo, na kutoka kwenye hotuba zake nimeona amejifunza wimbo ule ule. Katibu wa kanisa alinipigia Jumanne. Wanataka nirushe ibada moja kwa moja mtandaoni, watanilipa elfu tatu na chakula. Mama ndiye aliyenipendekeza, alisema mwanangu anajua mambo ya kamera.

Nimemwambia katibu nitakuja. Nitarusha nyimbo, maombi, neno, sadaka, watoto wakikariri mistari. Mgeni akipewa maiki nitazima mpaka airudishe. Isipokuwa akianza na maji, hapo nitamsogelea karibu kabisa.

Katibu alinyamaza kidogo, akasema atawasiliana na pasta. Leo ni Jumamosi. Mama hajaongea na mimi tangu Jumatano, ananiwekea chakula mezani na kufunga mlango wa chumba chake.